Vijiti vya Bi Hadija

Rukia mwanangu,

Salamu sikupi, maana uko chumba cha pili unapigana na zipu ya begi na unanisikia ninavyokohoa. Utajiuliza mama kapatwa na nini, kumwandikia barua mtu wa ukuta mmoja. Tena kwa penseli ya seremala, hii bapa ya kuchorea mbao, ndo niliyoikuta. Mwandiko usiucheke. Darasa la nne mie niliondoka kabla halijaniondoa.

Naandika kwa sababu naujua mdomo wangu. Nikianza jambo la maana, katikati kinanitoka kichekesho, watu wanacheka, jambo linafia hapo hapo. Keko nzima wananijua. Nikikatiza na sponji langu kichwani mafundi wanazima mashine, "Mama Sponji, leo una lipi?" Nawatupia moja, wanacheka, wananunua. Ndivyo nilivyokulisha na kukusomesha, kwa sponji za makochi na mdomo. Lakini hili la leo nikilitia utani nitakuwa nimelitenda mara ya pili. Kwa nini nasema mara ya pili, utaona huko mbele.

Habari za kula, kufua na kutokulala na simu sikuandikii. Umekaa chuo cha utalii miaka miwili, unajua kumkaribisha Mzungu kwa lugha tatu, utashindwa kuanika nguo?

Nianze na ugonjwa. Wiki nzima nimekwambia nina mafua. Sina mafua. Naona gere.

Unakwenda Mkoleni, kijijini kwa baba yako, kuongoza wageni wanaokuja kuangalia vitoto vya kasa vikitoka mchangani na kukimbilia baharini. Nimefurahi, wallahi. Nimewatangazia mafundi mpaka wamechoka, juzi mmoja kaniambia, "Mama Sponji, huyo kasa tumeshamjua, sasa tupimie sponji." Ila kazi iko Mkoleni na kitanda kiko nyumbani kwa Bi Hadija. Mke mwenzangu. Mkubwa wangu, aliyeolewa na baba yako wakati mie hata kanga sijui kuifunga. Miaka miwili nyuma kifua cha baba yako kilipokataa vumbi la mbao, akasema anarudi kwao akapumue. Nikamwambia kapumue, mume wangu. Akaenda kupumulia kwa Bi Hadija. Sasa na wewe. Yaani yule mwanamke hajawahi hata siku moja kugonga mlango wangu. Kakaa kwake tu anasuka ukili, na nyumba yangu inamfuata kipande kipande.

Na usidhani gere langu linaishia kwa watu. Mpaka kasa namwonea. Mama gani yule? Anapanda ufukweni, anachimba, anataga mayai mia na ushee, anafukia, anarudi zake baharini, hata nyuma hageuki. Halafu watu wanatoka Ulaya kuja kuangalia watoto wake. Wanalia! Nimewaona kwa macho yangu, mama mtu mzima kavaa kofia pana, machozi yanamtoka kwa sababu kitoto cha kasa kimefika majini. Mie nimekaa na wewe miaka ishirini na mbili, hakuna aliyekata tiketi kuja kuniangalia nikikuchemshia uji.

Hapo cheka. Hapo nimeruhusu.

Sasa nakurudisha nyuma, ulipokuwa na miaka kumi, ile likizo ndefu tuliyokwenda wote Mkoleni. Wewe unakumbuka homa. Mengine huyajui.

Zamani Mkoleni kasa alikuwa kitoweo. Baba yako kakua anakula mayai ya kasa kama wewe ulivyokuwa unakula mihogo ya kukaanga. Alikuwepo bwana mmoja, Athumani, huyo ndo alikuwa bingwa. Anatembea ufukweni na kijiti kirefu, anachoma mchanga, kijiti kikitoka na ute anajua hapa pana kiota, anafukua, anajaza kikapu. Sheria ya kumkataza ilikuwepo, lakini sheria ilikuwa inakaa mjini na mayai yanakaa mchangani.

Ikabadilika walipoanza kuja wageni. Hoteli za kisiwa cha ng'ambo zikawa zinawaleta kwa boti siku kiota kinapotoa vitoto, na kila mgeni analipa kuangalia. Kinachopatikana kikundi cha kijiji kinakigawa. Anayelinda kiota ana fungu lake, aliyekiona kwanza akaenda kusema ana lake, na la kijiji linawekwa pembeni. Hilo la kijiji ndo lililoezeka bati la zahanati. Athumani akakaa akafikiri, akaona kiota akikila ni chakula cha siku moja, akikitaja kinamlisha, na kasa yule yule atarudi msimu mwingine kumtafutia tena. Mchimbaji akageuka mtafuta viota namba moja. Bi Hadija alikuwaga anamchokoza, "Athumani, wewe umetubu au umepiga hesabu?" Naye hana haya, "Dada, vyote viwili. Na tumbo langu nalo ni kijiji, linataka fungu."

Mlinzi wao mkubwa alikuwa Bi Hadija. Unamjua anavyofanya, umefundishwa na yeye, lakini nataka niandike kwa mkono wangu. Alfajiri anatembea ufuko mzima kuangalia kama kuna kasa kapanda usiku. Akikuta kiota, anachomeka vijiti vinne, anatandaza wavu juu, anaukandamiza kwa mawe ili mbwa na kenge wasifukue, na kwenye kijiti kimoja anafunga kipande cha kanga yake. Siku anazihesabu kwa kamba ya ukili, kila siku fundo moja. Mafundo yakifika hamsini na kitu, anakwenda kwa mwenyekiti, "Kesho alasiri." Boti inaitwa. Na kesho alasiri vitoto vinatoka, utadhani aliahidiana navyo. Ndo maana watu walikuwa wanamwamini. Penye kitambaa cha Bi Hadija hakuna anayekanyaga, hata mlevi anazunguka.

Na wewe ukawa mkia wake. Asubuhi nikiamka kitanda kitupu, uko ufukweni. Ukirudi ni mahubiri, "Mama, Mama Mkubwa anasema usipite na tochi, mwanga unawapoteza." "Mama, Mama Mkubwa anasema usivishike, viache vitembee vyenyewe." Mama Mkubwa anasema, Mama Mkubwa anasema. Nikakwambia, "Na mama mzazi anasema kaoge." Ukacheka, ukaenda kuoga, na mie nikabaki nimekaa kibarazani, naangalia nyayo zako na zake zilivyoongozana kutoka baharini.

Ukashikwa na malaria. Siku hiyo kiota kikubwa cha msimu kilikuwa kimebakiza fundo moja, wageni wanakuja kesho yake, na kijiji kizima kinawasubiri. Bi Hadija akaacha vyote tukakupeleka zahanati, mie na yeye. Nimekaa kitandani kwako, chini ya lile bati nililokwambia, nakupepea kwa upande wa kanga. Unaweweseka, unaita, "Mama Mkubwa. Mama Mkubwa yuko wapi?"

Nikakwambia, "Nipo mama. Mama yako niko hapa."

Ukausukuma mkono wangu. "Siyo wewe."

Ulikuwa na homa, Rukia. Najua. Miaka kumi na mbili najiambia mtoto alikuwa na homa. Lakini saa ile sikujua kitu. Bi Hadija akaingia na kikombe cha uji, akakushika paji la uso, ukatulia, ukalala. Akanigeukia, "Mwajuma mdogo wangu, toka kajinyooshe, umechoka. Mie niko naye." Kasema kwa wema kabisa. Angenitukana ningepona siku ile ile. Ule wema ndo ulionichoma.

Nikatoka. Alasiri, jua linaunguza, watu wako ndani. Miguu ikanipeleka mpaka ufukweni, mbele ya vile vijiti vinne na kile kitambaa. Sikuwa na nia ya kuua kitu. Nataka uniamini hapo, na usiponiamini pia nitaelewa. Nilichotaka ni wageni waje wakae, wangoje, wangoje tena, na yule mwanamke asiyekosea ababaike mbele za watu mara moja tu katika maisha yake. Halafu mie ndo nisimame niseme, "Jamani, nimewatania, kiota kile pale," watu wafe kwa kicheko. Huo ulikuwa mpango wangu. Utani.

Nikang'oa vijiti. Nikakunja wavu. Nikavihamishia hatua kama kumi na tano upande wa miti ya mivinje, nikatandaza, nikapanga mawe, kitambaa nikakifunga kwa fundo lake lile lile. Mikono iliyozoea kufunga sponji haishindwi na fundo. Nyayo nikazifuta kwa kuti. Nikarudi zahanati nikakaa kwenye benchi, nimechangamka, nikamtania na nesi.

Mbwa hawajui utani.

Asubuhi kiota chenyewe kilichobaki bila wavu kilikuwa shimo. Maganda yametawanyika. Kumbe vitoto vilikuwa vimeshatoka kwenye mayai, vimekaa chini ya mchanga vinangoja jua lipoe. Vilikuwa na mapezi, vilikuwa na macho. Nimeviona. Zaidi ya hapo siandiki.

Boti ilikuwa imeshaitwa, hakuna wa kuirudisha. Alasiri wageni wakashuka na kamera zao. Bi Hadija alikuja moja kwa moja kutoka zahanati, macho mekundu, usiku kucha alikuwa anakubadilishia kitambaa cha maji kichwani. Akavitazama vijiti. Akalitazama shimo.

"Hapa si pangu," akasema. "Kiota changu ni kile kilicholiwa."

Mwenyekiti akamuuliza, "Bi Hadija, vijiti si vyako hivi?"

"Vyangu."

"Kitambaa?"

"Changu."

"Sasa kiota kimetembea?"

Athumani akapiga magoti akafukua chini ya wavu mpaka mkono ukazama begani. Mchanga mtupu. Wageni wanatazamana.

Pale palikuwa pangu, mwanangu. Ningesema pale pale, ningezomewa, labda baba yako angenipa talaka, ishu ingeisha kabla jua halijazama. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Labda kasa wamepitia mlango wa uani."

Wakacheka. Kijiji kizima. Hata mwenyekiti. Mpaka leo nikienda kule kuna wanaonisalimia kwa maneno hayo, "Mama Rukia, umekuja kwa mlango wa uani?" Katika vichekesho vyote nilivyowahi kutupa, hicho ndo watu walikipenda kuliko vyote.

Bi Hadija hakucheka. Alinitazama tu, kama mtu aliyeomba ashikwe mkono avuke mahali, na mkono umerudishwa. Kicheko kilipoisha mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu kauza mayai, kahamisha vijiti ili tuseme ni mbwa." Mwingine akaitikia. Ukishamcheka mtu, kumwita mwizi inakuwa rahisi. Hilo nimelijua siku ile, na mie ndiye niliyewafungulia.

Kikundi kikamtoa. Hakupewa hata nafasi ya kujieleza mara mbili. Juma hilo hilo Athumani akachukua tena kijiti chake kirefu. Baba yako akamkemea, "Athumani, si uliacha?" Akamjibu, "Niliacha kula kwa sababu Hadija naye aliacha. Kama mlinzi mwenyewe anakula, mie nafunga kwa ajili ya nani?" Viota vikachimbwa kimoja baada ya kingine. Boti nayo ikakata mguu misimu miwili, kule hotelini wanasema wageni wao wamelipa kuona shimo. Bati la zahanati likaanza kuvuja na hakuna fungu la kuliziba.

Wewe una cheti cha namna utalii unavyolinda wanyama wanaokwisha. Nilikusikiliza siku uliyokuwa unajisomea mtihani kwa sauti, mazingira, jamii, mapato, nikawa nakata sponji huku naitikia kimoyomoyo. Yote kweli. Lakini mie somo langu nililipata kwa kulivunja. Kile kilichokuwa kinamweka kasa hai Mkoleni kilikuwa kitu kidogo sana, ni Athumani kuamini kwamba kitambaa cha Hadija hakidanganyi, kwa hiyo akiacha kula hatakuwa mjinga peke yake. Wageni na boti na bati, vyote vilikuwa vimening'inia pale. Na mie nikakifungua kile kitambaa kwa vidole vyangu. Mchimbaji angalau alikuwa na njaa. Mie nilikuwa nimeshiba, tena wali wa Bi Hadija.

Siku tunaondoka alitufungia nazi na mchele, akanishika bega, "Mwajuma, huyu mtoto ana jicho la kasa. Likizo ijayo mlete." Nikamwambia nitamleta. Unakumbuka likizo tatu zilizofuata nilikwambia nauli hakuna? Nauli ilikuwepo. Ulikuwa unakaa pale mlangoni na kamba ya ukili uliyopewa, unafunga mafundo, unahesabu siku za shule kufungwa, na mie nakuona, na nakwambia nauli hakuna. Kosa hili sijui ni dogo au kubwa kuliko lile. Kasa walikuwa wa kijiji. Likizo nilikuibia wewe.

Baadaye uliendaga mwenyewe, kwa akiba yako ya kuuza ubuyu, ukarudi umeamua utasomea kazi hii. Na uliniuliza, "Mama, kwa nini Mama Mkubwa hayumo kwenye walinzi? Si ndiye aliyewaanzisha?" Nikakujibu, "Atakuwa kachoka, kasa nao wanachosha, hawapigi hata soga." Ukacheka. Unaona? Hivyo ndivyo ninavyofanyaga.

Hajachoka. Baba yako kanisimulia. Kikundi kilipofufuka na walinzi wapya, Athumani naye akarudi, na boti ikarudi. Yeye alibaki nje. Na alfajiri bado anatembea ufuko mzima, bila fungu, bila jina. Akikuta kiota kipya haendi kukitaja mwenyewe, maana akisema yeye watasema kakipanga. Anamtuma Athumani akaseme ni yeye aliyekiona. Athumani anachukua fungu la aliyeona kwanza, usiku anamletea nusu, Bi Hadija anakataa. Miaka yote hiyo. Vitoto kibao vimefika majini na hakuna anayejua ni vya nani.

Sasa ishu yenyewe. Jumatatu baba yako kanipigia.

"Mama Rukia, Jumamosi kikundi kinakaa. Wanachagua walinzi wa msimu. Hadija kaomba tena."

"Watamkubali?"

"Wamkubali wapi! Wanasema kwanza aeleze kile kiota. Na kuna wanaosema hata Rukia asilale nyumba ile, muongoza wageni hawezi kutoka kwa mwizi wa mayai."

Nitakuandikia lililo baya kuliko yote, kwa sababu nimeapa leo sitafuta kitu. Kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu ilikuwa furaha. Nilisema, basi, hatalala kwake. Ndo cha kwanza. Cha pili ndo ikaja aibu. Baba yako anaita, "Halo? Mama Rukia, uko hewani?" Nikamwambia nina mafua, nikakata. Mafua yenyewe ndo hayo unayoyasikia.

Mzee wa watu hajui. Bi Hadija hajui, au kama anajua hajawahi kunionyesha hata kwa kope. Wa kwanza kujua ni wewe, mtu wa ukuta mmoja, na nimekuchagua kwa sababu wewe ndo utakayelipa. Nikisema, wewe hutakuwa tena binti anayelala kwa mwizi wa mayai. Utakuwa mtoto wa kuzaliwa wa mwanamke aliyeua kiota, na ndo siku yako ya kwanza kazini, na kijiji kidogo kile, kila mtu atakutazama usoni kunitafuta mie. Nimegeuza hili jambo kila upande nipate pa kulisemea bila kukugusa, sijapata. Ningengoja ujulikane kwanza, upendwe kwanza, ndipo niseme. Lakini nimeshangoja miaka kumi na mbili, na kila mwaka nilikuwa na sababu nzuri kama hiyo.

Kwa hiyo sikuombi ruhusa, mwanangu. Nakupa taarifa. Jumamosi nitasimama mbele ya kikundi niseme ni mie, vijiti nilivihamisha mie, kwa mikono hii, kwa kumwonea gere mke mwenzangu. Nitasema hivyo hivyo, kavu. Wakitaka kunitoza watanitoza, baba yako akitaka kunipa talaka yangu atanipa. Sponji ninalo.

Kesho tukifika stendi utashangaa kuniona na mfuko. Tiketi nimekata mbili. Wewe uko mbele, dirishani, mie nimeomba siti ya nyuma kabisa ili usome bila kuniona. Hii karatasi nitakupa basi likishaondoka. Isome taratibu, njia ni ndefu. Tukifika Kibiti basi linasimama, watu wanashuka kununua korosho. Ukitaka kuja nyuma, njoo. Ukitaka kunitukana, nitukane, nitapokea. Ukitaka nishuke pale usifike kijijini ukiwa na mie, niambie, nitashuka nipande gari linalofuata. Lakini kwenye mkutano nitafika.

Gere langu halijaisha, usije ukadhani nimekuwa mtu mwema kwa sababu ya barua. Hata sasa hivi nimesikia umecheka huko chumbani, uko na simu, na nikajua kwa kicheko chenyewe unaongea na nani. Limenipanda pale pale. Nadhani nitakufa nalo. Nimeamua tu lisile tena kitu cha mtu.

Nina moja tu la kukuagiza. Jumamosi nitakaposimama, utaona watu wanaanza kuninong'ona, wengine watanizomea, na mie nikiwa peke yangu pale katikati utanionea huruma, nakujua. Utataka kuja kukaa upande wangu. Usije. Yule atakuwa anasikia kwa mara ya kwanza ni nani aliyemfanyia, mbele za watu, na atahitaji mtu wa kumshika mkono. Kaa kwa Bi Hadija. Mie itaniuma sana kukuona pale.

Kaa hapo hapo.

Mama yako,
Mwajuma